Kujenga MiniDexed mwenyewe na kuiweka kwenye Raspberry Pi 4

Mwalimu wa kwaya mmoja hapa Majengo, Moshi, aliniletea kinanda ambacho funguo zake ni nzima lakini sauti imekufa. Tundu la USB lilikuwa bado linatuma MIDI, yaani ishara za funguo zinazobonyezwa, na hilo linatosha. Tulikifufua kwa MiniDexed, programu huria inayoigeuza Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, kuwa Yamaha DX7 nane kwa mpigo. DX7, kinanda cha kielektroniki, ilitoka mwaka 1983. Ile piano yake yenye mlio wa kengele ndiyo mwalimu alikuwa anaililia.

MiniDexed haipandi juu ya mfumo endeshi kama Linux, inawaka yenyewe ndani ya Pi. Umeme ukikatika katikati ya ibada, ukirudi unasubiri sekunde chache tu, unaendelea kupiga.

Faili zilizojengwa tayari zipo. Bado nasisitiza ujenge mwenyewe, kwa sababu siku mwalimu akitaka kitu kibadilike, utafungua msimbo ukibadilishe bila kumsubiri mtu.

1. Kompaila

Tumia laptopu yenye Ubuntu. Pakua kompaila ya Arm (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) iitwayo `aarch64-none-elf`, ifungue, kisha ongeza folda yake ya `bin` kwenye PATH, orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta amri. Usichukue `aarch64-linux-gnu` inayopatikana kwa apt. Hiyo hutengeneza programu za kukaa juu ya Linux, na hapa Linux haipo.

2. Msimbo

`git clone https://github.com/probonopd/MiniDexed`
`cd MiniDexed`
`./submod.sh`

Hapa nililala saa nane usiku. MiniDexed inategemea miradi mingine, hasa Circle (inayowezesha programu kuwaka kwenye Pi bila Linux) na Synth_Dexed (inayotengeneza sauti), na ni `submod.sh` inayoivuta. Bando langu liliisha katikati. Nikaongeza salio, nikaruka moja kwa moja kwenye kujenga, kompaila ikalalamika kwamba faili halipo. Nikaishuku kompaila. Nikaifuta, nikaipakua upya, bando jingine likaondoka, kosa likabaki lilelile. Kumbe folda zilikuwepo kwa jina tu, ndani hakuna kitu.

Kwa hiyo kabla ya kujenga, angalia:

`ls circle-stdlib/libs/circle`

Ikitoka tupu, andika `git submodule deinit -f --all`, halafu rudia `./submod.sh` mpaka imalize bila kosa. Circle imo ndani ya circle-stdlib, yaani mradi ndani ya mradi, kwa hiyo folda ya juu kujaa hakukuhakikishii kwamba ya chini imejaa. Na usiingie humo ukafanya `git pull` ili upate kilicho kipya. Script hiyo inachagua matoleo maalumu yanayoelewana. Ukiyasogeza, utapata makosa mapya kabisa.

Weka bando la kutosha kabla hujaanza.

3. Kujenga

`RPI=4 ./build.sh`

Ikimaliza, chukua `src/kernel8-rpi4.img`.

4. Memori kadi

Ipangiliwe (format) kwa FAT32. Kadi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, na Pi haiwaki nayo. Mimi hununua ya GB 8 au 16, inatosha sana. Fungua zipu ya toleo rasmi ndani ya kadi, kisha weka kernel yako, yaani lile faili la `kernel8-rpi4.img`, juu ya ile ya zamani.

5. Sauti

Kwenye `minidexed.ini`, `SoundDevice=pwm` hutoa sauti kwenye tundu la heofoni. Kwa majaribio sawa, kwa kanisani hapana, mchakacho wake utausikia kwenye spika kubwa. Nunua kibao kidogo cha kutolea sauti cha PCM5102, andika `SoundDevice=i2s`.

Benki za sauti zinaingia kwenye `sysex/voice`. Kila faili lina sauti 32 na ukubwa wa baiti 4104. Likipungua hapo, huenda limekatika wakati wa kupakua.

Tulipowasha, mwalimu alibonyeza kordi moja ya F, akainamisha sikio mpaka ikafifia yote. "Fundi," akasema, "leo jioni tuna mazoezi. Nifungie niende nayo."