Jinsi ya kupanga maboresho ya chuo cha wananchi huku kusini: anzeni na maji, paa na choo

Wakuu, kikao cha maboresho ya chuo kikifunguliwa tu, wa kwanza atataka ukumbi, wa pili geti kubwa lenye jina la chuo, wa tatu bweni jipya, na hamna hata mmoja atakayeuliza maji ya mwezi wa tisa yanatoka wapi. Naandika kwa ajili ya walimu, wajumbe wa bodi na wanafunzi wa vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC kama tulivyozoea kuviita. Vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, sasa nchi nzima vipo 54 chini ya Wizara ya Elimu, na huku kwetu Lindi na Mtwara tuna Masasi, Newala, Mtawanya, Chilala na Kilwa Masoko. Msimamo wangu ni kwamba jengo jipya liwe la mwisho kwenye orodha, na sababu mtaziona huko mbele.

Kabla ya kikao chochote tembeeni eneo zima, na mtembee mara mbili, mara moja saa saba mchana jua likiwa kali na mara moja mvua ikiwa inanyesha, sio baada ya mvua, ikiwa inanyesha. Msiende walimu peke yenu. Mchukueni mpishi, mlinzi, fundi wa chuo, wanafunzi wawili watatu na mmoja wao awe mama mwenye mtoto, manake vyuo hivi vinapokea mabinti walioacha shule kwa ujauzito na wengine wanakuja darasani na watoto wao, sasa kama hamna chumba cha watoto utamkuta bibi wa mtu au mdogo wake amekaa barazani na kichanga kutwa nzima, na mama yake huko ndani akili haipo kwenye cherehani, ipo nje. Jambo hilo hulioni kwenye ramani. Chumba kimoja chenye mkeka, nyavu dirishani na mlezi kinaweza kupatikana kwenye stoo iliyojaa madawati mabovu, na hapo hujajenga kitu.

Angalieni pia wanafunzi wanapita wapi. Kuna njia iliyosakafiwa vizuri haina mtu, alafu kuna kijia kimekatiza kwenye majani mpaka mchanga umebaki mweupe, hicho kijia ndo njia yenyewe, hicho ndo mkiwekee mawe au vitofali na mpande miti pembeni. Mwarobaini na mwembe vinafaa kwa kivuli ila msipande karibu na ukuta. Kila mnachokiona kichoreni kwenye karatasi moja ya manila: maji yanapotuama, ukuta wenye ufa, mahali pasipo na taa usiku. Hapohapo tafuteni hati ya eneo na mkague vigingi vya mipaka, na kama kuna mikorosho ndani ya eneo mjue ni ya nani, maana mgogoro wa mikorosho unaweza kusimamisha ujenzi kuliko kukosa saruji.

Sasa maji, na hapa ntakaa kidogo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida zinaanza Desemba na kuisha Aprili hivi, baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na watu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, hawahitaji kuelezwa hilo. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa inatoa lita moja. Chukua darasa lenye paa la mita 20 kwa 8, hizo ni mita za mraba 160, mvua ya mwaka tufanye milimita 900, unapata lita 144,000, ukiondoa asilimia 20 inayopotea zinabaki kama lita 115,000 kwa paa moja tu. Maji yote hayo mvua ikija yanamwagika chini yanachimba msingi. Upande wa matumizi, wanafunzi 100 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa siku, kwa siku 20 za masomo ni lita 10,000, kwa hiyo simtanki la lita elfu kumi linakwenda mwezi mmoja, basi. Msidanganyane kwamba tanki moja litavusha kiangazi. Panga matanki yaongezwe kila mwaka, maji ya mvua yatengwe kwa kunywa na kupikia, ya bomba au kisima yaende vyooni na bustanini. Na kitu cha bei ndogo kabisa ambacho watu wanakiruka ni gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa unaokinga maji. Panda ngazi uangalie, utakuta majani ya mwembe yameoza yametengeneza udongo mweusi na mchicha pori umeota juu yake, maji yanarudi nyuma yanaozesha mbao ya pembeni. Gata zisafishwe mwezi wa kumi na moja kabla ya mvua, na maji ya mvua ya kwanza yasiingizwe tankini, yaachwe yaoshe bati.

Paa nalo. Vyuo vya mwambao, chumvi inakula bati kuanzia kwenye misumari, utaona duara la kutu kuzunguka kila kichwa cha msumari na siku moja upepo unalibeba bati zima. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupitia na barabara ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Kilwa, kwa hiyo kukazia kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, sio anasa. Mkibadilisha bati chukueni geji 28 badala ya 30, namba ikiwa ndogo ndo bati nene, na kenchi zifungwe kwa nondo au waya mpaka kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, zisiwe zimekalia tofali tu. Ikitokea siku mnajenga darasa jipya, madirisha yatazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni halitaingia na upepo wa kusi utapita ndani.

Choo: mashuleni kwetu kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hesabuni ya kwenu kwa kipimo hicho, na matundu ya wasichana yawe na maji ndani, mlango unaofungwa na sehemu ya kutupa taulo za kike. Wenye ulemavu wawekewe njia ya mteremko, na hapa mafundi wengi wanakosea, wanaweka kipande kifupi kimesimama hata mtu mzima anateleza. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani baraza likiwa na kimo cha sentimita 50 mteremko uwe na urefu wa mita 6. Mpimieni fundi mbele ya macho yenu kabla hajamwaga zege.

Umeme kwa kifupi: kabla ya kununua mashine za kuchomelea au za useremala, waulizeni TANESCO kama laini ya fezi tatu inafika hapo chuoni.

Baada ya hapo ndo mnakaa kikao, na ile manila iwe ukutani. Gaweni kazi mafungu matatu tu: ya kufanya mwezi huu kwa mikono yenu, ya kufanya mwaka huu kwa hela kidogo, na ya kuombea fedha serikalini au kwa wafadhili. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, maombi yenye makadirio ya gharama yafike mapema, msisubiri mwezi wa tano. Kazi zikienda kwa fosi akaunti, yaani chuo chenyewe kinanunua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi, mafundi wa hapohapo wanaweza kupata, na wanafunzi wa fani ya uashi wakajifunza kwenye jengo lao wenyewe chini ya mwalimu. Michango ya wananchi na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, ombeni msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba minada ikiwa inaendelea, mtu akiwa amelipwa anachangia kwa moyo, mkimfuata Machi mnamuonea. Ila kumbukeni msimu huohuo vibarua wote wako mashambani, kwa hiyo hela ikusanywe wakati wa korosho, ujenzi upangwe kuanzia Mei barabara zikikauka.

Jambo la mwisho: mkuu wa chuo akihamishwa mpango unaweza kuondoka naye kwenye begi. Tengenezeni nakala tatu, moja ofisini kwake, moja kwa mwenyekiti wa bodi, moja ofisi ya kata, na ile manila ibaki kwenye ubao wa matangazo, kila kazi ikiisha mwanafunzi aipige tiki na aandike tarehe.