Kuku wanakufa kwa mkupuo? Namna ya kutoa taarifa na kuomba kipimo cha mafua ya ndege (Tanzania)

Kuku wakifa kwa mkupuo, wengi husema "kideri hicho". Huenda. Ila kwa macho tu huwezi kukitofautisha na mafua ya ndege: uso kuvimba, upanga na ndevu kugeuka zambarau, kuhara, utagaji kukatika ghafla. Jibu liko maabara, na njia ya kufika huko ni ofisi ya mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 nayo inamtaka mfugaji atoe taarifa.

Siku hiyohiyo mpigie afisa mifugo wa kata. Asipopatikana, nenda kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ili daktari wa mifugo wa wilaya ajulishwe. Kabla ya kupiga, andika: kuku wote wangapi, waliokufa kila siku, dalili, chanjo ya mwisho ya kideri (ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi 3), kuku wapya na mnada walikotoka, na kama bata au ndege pori hufika bandani. "Jana 4, leo 19" huishtua ofisi kuliko "wanakufa wengi".

Wakati unasubiri, funga banda: usiuze, usichinje, usigawe. Kosa kubwa ni kuzika mizoga yote kwa ajili ya usafi, afisa akifika hana cha kupima. Bakiza michache ya karibuni kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini, mbali na mbwa na watoto. Vaa glavu na barakoa. Usiipasue, wala usiiweke kwenye friji ya nyumbani.

Afisa huchukua sampuli kwa vijiti vya pamba, kooni na kwenye njia ya haja, kisha husafirishwa kwenye barafu hadi maabara ya TVLA (wakala wa serikali wa maabara za mifugo). Zikipata joto njiani, jibu la "hakuna ugonjwa" si la kutegemea. Omba uandikiwe tarehe na namba ya sampuli. Bila hiyo utafuatilia nini?

Majibu yakichelewa, usirushe "mafua ya ndege yameingia" kwenye kundi la WhatsApp. Watu watakimbiza kuku sokoni kabla bei haijaanguka, na virusi vitapanda bodaboda pamoja nao. Tangazo ni la serikali. Likisomwa redioni au msikitini, sikiliza kata zilizotajwa, minada iliyofungwa, muda wa zuio na namba ya kupiga. Kikikosekana kimoja, muulize mtendaji.

Aliyeshika kuku hao akipata homa au kikohozi, aende kituo cha afya na aseme waziwazi kwamba aligusa mizoga.