Jinsi ya kuandika maisha ya mzee wako, asibaki tarehe tu

Jamani naandika hii kwa yeyote aliyezika mzee juzi, au anayeona siku yenyewe haiko mbali, manake mi nilikosea na sitaki mwingine akosee vile. Baba tulimzika kijijini, nje kidogo ya Tororo, Uganda, na mi ndo nilipewa kusoma wasifu. Nikasoma alizaliwa wapi, akasoma mpaka darasa gani, akaingia reli 1966, akastaafu 1994, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Dakika tatu nimemaliza, nikakaa.

Alafu akasimama mzee mmoja aliyefanya naye kazi, hata jina lake silijui, akasema wanangu, kazi ya baba yenu ilikuwa kusikiliza magurudumu. Treni ikisimama stesheni anapita kando yake na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja, likilia kama kengele ni zima, likitoa mlio mzito uliokufa basi lina ufa na lile behewa haliendi Pakwach wala Kampala mpaka litengenezwe. Usiku, mvua inanyesha, taa mkononi.

Nikaanza kulia upya, manake baba alikuwa anagonga kila kitu! Kikombe kipya anakigonga kwa ukucha kabla hajatoa pesa, chungu vilevile, fenesi sokoni anagonga huku kainamisha kichwa kama anasikiliza siri, na mama anamvuta shati twende bwana, watu wanatuangalia. Miaka yote tulidhani ni tabia yake tu. Kumbe kazi ilimfuata mpaka nyumbani na mi sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo anzia kwenye mikono. Usiulize watu "alikuwa anafanya kazi gani", utapewa jina la cheo na basi. Uliza akifika kazini asubuhi anashika nini kwanza, nani alimfundisha, aliogopa nini, walikuwa wanaongea lugha gani. Sisi kwetu ni Wapadhola lakini Kiswahili hiki ninachoandika baba alikitoa reli, huko kulikuwa na Wajaluo, Waluhya, Wateso, Waganda, wote wakaelewana kwa Kiswahili, akakileta kwenye meza yetu ya chakula. Na kama mzee bado yuko hai muulize mwenyewe, leo, weka simu irekodi, usingoje.

Miaka itakusumbua. Wazee wengi hawashiki tarehe, wanashika matukio, ukimuuliza shangazi "ilikuwa mwaka gani" atakasirika au atakutajia wowote ule ili umwache. Muulize ilikuwa kabla au baada ya Papa kuja Kampala (1969), Wahindi kufukuzwa (1972), Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na reli kugawanywa (1977), vita vya kumtoa Amin (1979), pesa kubadilishwa zikakatwa sifuri mbili (1987). Mama hakujua kabisa waliingia lini kwenye kota za reli, ila alikumbuka jirani Mhindi alimwachia cherehani akiondoka na wao walikuwa wamehamia pale Krismasi iliyotangulia, basi hapo nina Desemba 1971. Chora mstari kwenye daftari, panga matukio hayo, alafu chomeka maisha ya mzee katikati. Inafanya kazi kuliko fomu yoyote.

Picha za zamani zigeuze nyuma. Huko ndo kuna maandishi ya kalamu na muhuri wa studio. Piga pande zote mbili kwa simu, watumie ndugu wawili au watatu wakuwekee, simu moja ikiibiwa kwenye taksi usipoteze vyote.

Sasa starehe zake, na hapa naomba usiruke, manake watu wanaona si jambo la kusoma mbele ya mchungaji. Mi naona hapo ndo mtu anaonekana mwenyewe, bila bosi na bila watoto. Baba alikuwa na redio, njiwa na mweso, yaani bao la kwetu Uganda. Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira, walipofika fainali ya Afrika kule Accra, 1978, Ghana wakatufunga 2-0, alizima redio akaenda kukaa na njiwa wake, hakula. Ubao wake wa mweso, mashimo 32 na kete 64, una sehemu ukingoni imelika na kuwa laini, pale alipokuwa anaweka dole gumba akifikiri. Yule katekista aliyecheza naye kila Jumapili jioni alinipa kitu ambacho hata mama hakijui: akishindwa alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Mtafute mtu kama huyo, nenda kwake mwenyewe, beba sukari na sabuni, kaa usiharakishe.

Watoto andikeni wote, wa nyumba zote. Mkianza kuchagua pale kaburini mtaumizana na haitapona. Shida nazo msifiche. Pesa za baba za uzeeni zilichelewa miaka kwenye ofisi moja, akauza ng'ombe tukaendelea na shule, hiyo nimeiandika. Na hasira zake nimeandika kidogo, alikuwa nazo.

Msomee mama kwanza kabla ya watu. Kurasa mbili zinatosha, herufi kubwa, lugha ya waliokuja, na mtu wa kutafsiri kama wako mchanganyiko.

Sisi tulipokusanyika tena baada ya mwaka nilisoma upya, nikaanza na nyundo. Yule mzee wa reli alikuwa kakaa mbele, safari hii jina lake nalijua. Nilipomaliza akanyoosha mkono akasema mpini ulikuwa wa mti gani hujaandika, na baba yako aliuchonga mwenyewe. Akanitajia, nikauongeza palepale kwa kalamu.