Kupanda na Kutunza Mizabibu Myeupe Bustanini

Mzabibu mweupe huhitaji jua kwa saa 7 au 8 kila siku, pamoja na udongo usiotuamisha maji, kwa kuwa mizizi yake huoza upesi palipo na majimaji. Panda miche ikiachana takriban mita 2, kando ya waya zilizokazwa kwenye nguzo imara.

Kazi muhimu kuliko zote, ambayo wengi huiogopa bila sababu, ni kupogoa. Matunda hutokea kwenye machipukizi mapya yanayotoka katika matawi ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo, mmea unapokuwa umepumzika, yakate matawi hayo na kuyaachia macho (sehemu zinazochipua) 2 au 3 tu, ingawa aina kama Thompson Seedless huhitaji kuachiwa matawi marefu zaidi. Punguza pia majani yanayosongamana kwenye vichala ili hewa ipite na ukungu usishike, lakini usiyaondoe yote, maana zabibu nyeupe huungua kwa jua kali.

Zabibu haziendelei kuiva zikishachumwa, hivyo zionje kwanza. Zilizo tayari huwa tamu, na rangi yake ya kijani huelekea manjano.