Probiotiki kwa Kinywa cha Mbwa: Namna ya Kuzitumia

Probiotiki ni bakteria hai wenye faida, na hapa ni zile za unga. Kabla ya kufungua kopo lake, inua mdomo wa juu wa mbwa upande wa shavu, uangalie jino kubwa la juu, la nne ukihesabu kutoka nyuma ya chonge. Karibu na hapo ndipo mfereji mkubwa wa mate unapofungukia, ndiyo maana ukoga huganda hapo mapema. Mate ya mbwa yana alikali kuliko ya binadamu. Utando laini ukiachwa siku 2 au 3 tu huanza kuwa mgumu. Kwaruza kwa ukucha. Kama ni gaga la kahawia lisilobanduka, probiotiki hazitalitoa. Hilo huondolewa na daktari wa mifugo, mbwa akiwa amepigwa nusu kaputi. Jino linalolegea, usaha, au uvimbe chini ya jicho (mara nyingi ni jipu la mzizi wa lile jino kubwa la juu) navyo ni vya daktari.

Kazi ya probiotiki ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Bakteria wazuri hugombea nafasi na chakula na wale wanaochokoza fizi na kutoa gesi zenye salfa, ambazo ndizo harufu ya kinywa. Ushahidi kwa mbwa bado mchache, kwa hiyo mswaki unabaki palepale na probiotiki huja baada yake.

Soma lebo kwa makini. Itaje aina ya bakteria kwa jina kamili pamoja na namba yake, na idadi ya bakteria hai hadi mwisho wa muda wa matumizi, si siku ya kutengenezwa tu. Enterococcus faecium SF68, kwa mfano, inajulikana zaidi kwa kusaidia mbwa wanaoharisha. Kuwa nzuri kwa tumbo hakuifanyi iwe dawa ya fizi. Kisha tafuta zailitoli. Ukiiona, rudisha kopo: utamu huo hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na unaweza kumuua. Kwa sababu hiyo pia usimpe vidonge vya kumung'unya vya watu wala dawa yao ya meno.

Mpe usiku, baada ya mlo wa mwisho. Piga mswaki kwanza kwa dawa ya meno ya mbwa, upande wa nje wa meno, mswaki ukiinama kuelekea ufizi. Kisha chukua unga kwa kipimo cha lebo kulingana na uzito wake. Siku 3 za mwanzo tumia nusu ya kipimo hicho, maana wengine hujaa gesi au kuharisha kidogo. Ongeza maji safi yasiyo ya moto, mililita 2 hivi, ukoroge hadi uwe uji mzito. Paka kwa kidole pale ufizi unapokutana na jino, ukianzia nyuma kuja mbele, pande zote mbili. Huna haja ya kumfungua kinywa. Kidole kinapita ndani ya shavu. Asile wala kunywa kwa nusu saa, ila maji usimnyime zaidi ya hapo.

Kosa linaloharibu kazi zaidi ni kumwaga unga juu ya chakula. Mbwa hufakamia bila kuonja. Unga unateremka tumboni kabla haujagusa fizi. Kidonge kinachomezwa kizima ni yaleyale. Chakula cha moto nacho huua bakteria wengi, na kijiko chenye unyevu hugandisha unga koponi. Dawa ya kusafisha kinywa yenye klorheksidini haichagui, inaua wabaya na wazuri, basi itumie asubuhi. Akiwa kwenye antibiotiki, acha angalau saa 2 kati ya dawa na probiotiki. Mbwa mahututi, au anayetumia dawa za kushusha kinga, asipewe bila idhini ya daktari.

Piga picha ya fizi siku ya kwanza, kisha kila wiki, palepale na kwa mwanga uleule. Baada ya wiki 6, kama mstari mwekundu kando ya meno haujapungua, usiongeze kipimo, mpeleke akaguliwe. Kwa mbwa mwenye fizi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo tazama damu kwenye mswaki au kwenye kitu anachotafuna.