Jinsi ya kujenga imani ya ndama wa ndovu aliyefiwa na mama

Mwongozo huu ni wa walezi wapya wanaofanya kazi katika vituo vyenye kibali. Raia aliyemkuta ndama peke yake hana ruhusa ya kumfuga; wajibu wake ni kuliarifu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS).

1. Mtulize kwanza. Ndama aliyeopolewa kisimani au kukutwa kando ya mzoga wa mama yake amekamatwa na kufungwa na watu, kwa hiyo atakushambulia kwa kichwa, na kwa uzito wake wa kilo mia moja na zaidi anaweza kukuangusha. Usimpige wala usimkemee. Mweke jirani na ndama aliyekwisha kuzoea, mahali ambapo mikonga yao itagusana, kwani ndovu mwenzake humtuliza upesi kuliko mlezi yeyote.

2. Mwache akunuse. Mkonga ukikufikia, tulia, kisha pulizia pumzi taratibu kwenye ncha yake ili aijue harufu yako. Akianza kunyonya vidole vyako, yuko tayari kwa chupa.

3. Mnyonyeshe nyuma ya blanketi. Hapa ndipo walezi wengi hukosa subira. Ndama hunyonya kwa mdomo, huku mkonga wake ukitafuta ubavu wa mama wa kuegemea. Tundika blanketi zito liwe badala ya ubavu huo, simama nyuma yake, kisha pitisha chupa pembeni mpaka chuchu iguse ulimi. Mpe kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Maziwa ya ng'ombe humharisha hadi kumuua. Daphne Sheldrick, mlezi maarufu wa ndovu yatima nchini Kenya, alihangaika miaka mingi kabla ya kufanikiwa na maziwa ya unga ya watoto wachanga yenye mafuta ya nazi.

4. Laleni naye kwa zamu. Mlezi hulala chumba kimoja na ndama, lakini asiwe yule yule kila usiku. Sheldrick alimlea ndama aitwaye Aisha karibu peke yake. Alipoondoka kwa muda kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha aligoma kula akafa. Imani ya ndama ni ya kikosi kizima, na mlezi anayejisifu kwamba ndama hamtaki mwingine ila yeye anamhatarisha.

5. Mkanye kwa sauti. Akishazoea, neno moja la ukali latosha akikosea. Ukimchapa, atakumbuka, naye akikomaa hutamweza.

6. Mwachie kundi. Akihamishiwa Voi au Ithumba, vituo vya kuwarudisha ndovu porini huko Tsavo, hukutana na ndovu wa porini na kuchagua mwenyewe lini aondoke. Kabla ya hapo, usiruhusu wageni wamlishe wala wamchezee kila wakati, kwa sababu ndovu asiyeogopa watu huingia mashambani na kukutana na mkuki.