Kuweka linki kwenye profaili bila kuibiwa akaunti

Nyie mnaouza madera na samaki hapa Tanga, kuanzia Ngamiani mpaka Deep Sea, acheni kuandika namba tupu kwenye bio, yale maelezo mafupi ya profaili yako, mteja anachoka kuikopi. Tengeneza linki ya WhatsApp, unaandika wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, ile sifuri ya mwanzo unaitoa na alama ya kujumlisha huiweki. Ukiwa Instagram gusa kuhariri profaili, nenda kwenye linki, bandika, sevu. Kisha iguse mwenyewe uone kama inafungua chati yako, maana tarakimu moja ikikosewa wateja wote wanaenda kwa mtu mwingine kabisa. Na iwe namba ya biashara tu jamani, sio ile yenye hela zako.

Sasa ukishaonekana, na matapeli nao wanakuona. Utaletewa meseji eti akaunti yako inafungwa, bofya hapa. Usibofye! Isome hiyo linki herufi kwa herufi, kuna wanaoandika r na n zikabanana ukadhani ni m, ukiingiza paswedi hapo ndo imeenda. Zile namba 6 za kuthibitisha zinazokuja kwa SMS humpi mtu, hata akiomba shoga yako wa Chumbageni, maana huenda akaunti yake ishaibiwa na anayeandika sio yeye. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo leo, yaani kinga ya pili inayoulizwa mtu akitaka kuingia kwenye akaunti yako, kwa WhatsApp upo kwenye mipangilio, ndani ya akaunti. SMS ya kitapeli ifowadi kwenda 15040.